Tumechimba shimo la choo tukakuta mawe yamepangwa kama sanduku, ni kaburi? Kuna mali ndani?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa upande wa Pangani, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Tulikuwa tunachimba shimo la choo nyuma ya nyumba ya bibi, huku njia ya Tanga kwenda Pangani. Kwenye futi tatu hivi sururu ikagonga jiwe bapa, tukafukua pembeni tukakuta mawe mengine yamesimama pande zote kama sanduku. Fundi anasema ni kaburi la kale na matajiri wa zamani walizikwa na dhahabu zao, jirani anasema ni mali ya Mjerumani. Je ni kaburi kweli? Ndani kunakuwa na vitu? Na nyie wataalamu mnachimbaje mpaka mnajua huyu ni wa lini?"

Marahaba mdogo wangu, na umefanya la maana sana kuuliza mapema, maana wengi wanakuja kuuliza wakiwa wameshabomoa kila kitu. Kabla ya yote acheni kuchimba hapo. Choo kihamieni upande mwingine, hilo shimo libaki lilivyo, msitoe jiwe hata moja, na lile bapa la juu kama bado halijafunguliwa msilifungue eti mchungulie tu. Cha kufanya kesho nitakwambia huko chini, tuanze na maswali yako.

Kwa maelezo yako inaweza kuwa kaburi, ila ukanda wetu huu mawe yaliyopangwa chini ya ardhi siyo lazima yawe kaburi. Kuna misingi ya nyumba za matumbawe zilizoanguka karne nyingi, kuna vyoo vya shimo vya nyumba hizohizo, kuna visima vilivyojengewa kuta, na kwenye maeneo yaliyokuwa mashamba ya mkonge unaweza kukuta mtaro wa mawe ambao hauna hata miaka mia na hamsini. Chukua simu ufungue dira uangalie hilo sanduku limelala upande gani. Huku kwetu kibla ni kaskazini, kwahiyo kaburi la Kiislamu linalala mashariki na magharibi, kichwa kiko mashariki, maiti amelazwa ubavu wa kulia na uso unatazama kaskazini. Kama mawe yako yamekaa hivyo na urefu ni wa kumtosha mtu, halafu upana ni mdogo, hapo uwezekano wa kaburi unapanda sana (na usidharau likiwa fupi, watoto walizikwa wengi zamani). Likiwa limelala kinyume inaweza kuwa kitu kingine kabisa au kaburi la watu waliokuwepo kabla Uislamu haujashika pwani, ambalo kwa upande wa utafiti ndo adimu zaidi. Angalia pia kama kuna chokaa kati ya mawe, au ni mawe makavu yamesimamishwa tu, maana waashi wetu wa kale walichoma matumbawe wakapata chokaa na waliipaka kila mahali walipoweza.

Haya, mali sasa, maana najua hili ndilo linalowanyima usingizi hapo nyumbani.

Nianze na Mjerumani. Nimeshasikia hii habari kila kona ya mkoa huu, kila jiwe lililokaa sawa ni alama ya rupia za Mjerumani, na watu wanalipa waganga na kununua mashine za kutafutia madini kwa sababu yake. Waingereza waliingia Tanga mwaka 1916 na Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma wanapigana, mtu aliye kwenye hali hiyo hakai akapanga mawe ya kusimama pande nne akafunika na bapa vizuri. Wengine wanasema basi ni mali ya Wareno. Ni kweli Vasco da Gama alipita hapa, mwaka 1499 akirudi kutoka India aliichoma moto meli yake São Rafael kwenye miamba ya baharini karibu na Tongoni kwa sababu mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi hawatoshi kuendesha meli tatu, lakini kabla ya kuichoma vitu vyake walivihamishia kwenye meli zilizobaki, hawakuja kuvizika kwa bibi yako.

Na kama ni kaburi la Kiislamu, mdogo wangu, ndani hamna kitu. Umeshawahi kuingia kaburini kupokea maiti unajua, anashushwa na sanda yake, analazwa kwenye mwanandani, unafunikwa kwa mbao au mawe, udongo unarudi, basi. Hata awe na majahazi kumi anashuka hivyohivyo. Hapo ndipo watu wanaofukua makaburi ya pwani usiku wanapopoteza, wanavunja kaburi la karne ya 14 au ya 15, wanakuta mifupa, wanaitupa pembeni, wanaondoka mikono mitupu na sisi tunabaki na shimo. Inaniuma kwa kweli, kwa sababu utajiri wa makaburi yetu upo, ila uko nje ya kaburi na juu yake, wazi kabisa, wala hauhitaji jembe.

Nenda Tongoni ukaangalie, siyo mbali na kwenu. Pale kuna msikiti na makaburi kama arobaini, na makaburi ya mnara, yaani yenye nguzo ndefu, ni mengi kuliko utakayoyakuta mahali pengine pamoja kwenye pwani yote ya Afrika Mashariki. Kuta zimechongwa kwa matumbawe, nguzo zimesimama upande wa juu wa kaburi, na kwenye nguzo na kuta utaona vishimo vya duara. Ndani ya vile vishimo kulikuwa na bakuli na sahani za kauri kutoka China, zimepachikwa kwenye chokaa zing'ae mtu akizitazama kwa mbali. Bakuli limetoka China limevuka bahari ya Hindi kwa mikono ya wafanyabiashara wangapi sijui, limefika hapa, na familia badala ya kupakulia wali ikaliweka kwenye kaburi la mzee wao kila mpita njia alione. Hayo ndo mazishi yenye vitu, kwa namna yetu sisi. Bakuli zenyewe zimeng'olewa zote miaka mingi iliyopita na vimebaki vishimo tu. Kaole, pale Bagamoyo, ni hivyohivyo, misikiti miwili na makaburi ya kuanzia karne ya 13, alichimba mtafiti Neville Chittick mwaka 1958, na pale kwenye kaburi la Sharifa mpaka leo watu wanakwenda na ubani na nia zao. Huko Songo Mnara, karibu na Kilwa, watafiti walipochimba taratibu kuzunguka makaburi walikuta sarafu za shaba na vijiwe vyeupe vimeachwa pale juu, watu walikuwa wanarudi kuwazuru wafu wao na kuwaachia kitu. Aliyekuja na jembe akitafuta sanduku la dhahabu angevikanyaga asivione.

Makaburi ya mawe yenye vitu ndani yapo, tena mengi, ila ni ya watu wengine na nyakati nyingine. Ngorongoro, mtafiti Hans Reck wakati wa Mjerumani na baadaye watafiti wa familia ya Leakey walichimba marundo ya mawe ya wafugaji wa kale, wakakuta watu wamezikwa na bakuli za mawe na shanga. Kenya kwenye pango la mto Njoro mwaka 1938 akina Leakey walikuta watu karibu themanini wamechomwa moto, wa miaka kama elfu tatu iliyopita, na karibu kila mmoja ana bakuli lake la jiwe na mchi wake, na shanga za mawe ya rangi. Ukivuka bahari, Bahrain kuna vilima vya makaburi 11,774 vilivyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2019, vilijengwa kati ya mwaka 2200 na 1750 kabla ya Kristo, ndani ni chumba cha kuta za mawe chenye kijichumba pembeni cha kuwekea vitu vya marehemu. Na Oman, ambako nusu ya Tanga ina shangazi, pale Bat kuna makaburi ya mawe ya duara ya zaidi ya miaka elfu nne, yapo kwenye orodha hiyohiyo tangu 1988.

Dhahabu? Ipo sehemu moja maarufu, Mapungubwe, Afrika Kusini mpakani na Zimbabwe. Kuna kifaru kidogo cha dhahabu iliyofuliwa nyembamba kilichotoka kwenye kaburi juu ya kile kilima. Lakini sikiliza kilivyopatikana. Mwishoni mwa mwaka 1932 walipanda watafuta hazina, wakaokota dhahabu, wakagawana. Mmoja wao alikuwa amesoma chuo kikuu cha Pretoria, roho ikamsuta, akampelekea habari mwalimu wake, ndo wataalamu wakaja. Vitu vingi vikarudishwa, lakini kila kimoja kilikaa wapi, juu ya mkono au chini ya kichwa, pamoja na nini, kwa makaburi yale ya mwanzo hiyo habari haikurudi na haitarudi. Kifaru kipo makumbusho kinang'aa na mpaka leo kuna maswali juu ya mwenye kaburi ambayo jibu lake lilikuwepo siku ile kwenye udongo.

Hapo ndo naingia kwenye swali lako la tatu, tunachimbaje. Nikupe mfano mmoja wa sanduku la mawe hasa, kama hilo lako, uone.

Uingereza kwenye nyanda za juu za Dartmoor kuna sehemu inaitwa Whitehorse Hill, watu waliona ubavu wa kisanduku cha mawe umeanza kutokeza kwenye udongo wa mboji uliokuwa unamomonyoka. Kidogo tu, hakifiki hata mita moja. Kikachimbwa mwaka 2011. Ndani kulikuwa na mtu aliyechomwa moto miaka kama 3,700 iliyopita, na mboji ile kwa kuwa imejaa maji na haina hewa ilikuwa imetunza vitu ambavyo kwa kawaida vinaoza vyote: ngozi ya dubu iliyofungia mifupa, kikapu kidogo kilichofumwa, bangili ya kusukwa, vipuli vya mti vya kuweka masikioni, na shanga zaidi ya mia mbili, nyingi za udongo wa mfinyanzi na mawe, nyingine za kaharabu (utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe) na bati. Kaharabu haipatikani Dartmoor, imetoka mbali. Sasa hawakutoa kitu kimojakimoja pale kilimani. Walikinyanyua kile kidonge chote cha udongo na vilivyomo ndani kikiwa kizima, wakakipeleka maabara, wakapiga eksirei kwanza, halafu wakachimba ndani kwa vijiti na brashi ndogo chini ya taa kwa muda mrefu, ndo ikajulikana kwamba shanga zilikuwa ndani ya kikapu. Mtu wa haraka angetoka pale na kiganja cha shanga na matope meusi.

Huku kwetu maabara ya namna hiyo mara nyingi haipo karibu kwahiyo kazi kubwa inafanyika shimoni, lakini kanuni ni ileile. Tunagawa eneo kwa kamba kwenye miraba, kila mraba na namba yake, tunashuka tabaka kwa tabaka siyo kwa kina tu, udongo ukibadilika rangi au ugumu tunasimama tunaandika. Ukingo wa shimo la kaburi unaonekana hivyo, maana udongo uliowahi kuchimbwa na kurudishwa haukai tena sawa na jirani yake hata ipite miaka elfu. Kifaa kikuu ni mwiko, huuhuu wa fundi mwashi ila mdogo, halafu brashi, na karibu na mifupa tunatumia vijiti vya mianzi kwa sababu chuma kinakwaruza. Kila udongo unaotoka unapita kwenye chekeche, na wa ndani ya kaburi tunauosha kwa maji kwenye wavu mwembamba sana kwa kuwa shanga za kioo zilizokuja kutoka India nyingine ni ndogo kuliko punje ya mtama, zinapenya. Kila kitu kinapigwa picha mahali kilipo na kuchorwa kabla ya kuguswa. Shanga zikikutwa zimezunguka mfupa wa kifundo cha mkono ni bangili, zikikutwa kiunoni ni utunda, zikikutwa zimetawanyika kwenye udongo wa juu inawezekana ziliangukia tu wakati wa kufukia. Ushanga ni uleule lakini habari ni tatu tofauti kabisa, na ukishautia mfukoni zote tatu zimekufa.

Bahati moja tuliyonayo pwani ni matumbawe. Udongo wenye asidi unakula mifupa mpaka haibaki alama, lakini chokaa na matumbawe vinapunguza ile asidi, kwahiyo mifupa ya kwetu mara nyingi inakutwa imara. Kwenye nyonga tunajua mwanamume au mwanamke, kwenye meno tunajua umri hasa kwa watoto na vijana, na kwenye gamba la jino kuna madini ya strontiamu yanayobaki tangu utotoni yanayoonesha kama mtu alikulia hapahapa au alikuja mkubwa.

Umri wa kaburi lenyewe tunautafuta kwa njia kadhaa kwa pamoja, na ukimwona mtaalamu anayeshikilia njia moja tu muulize maswali. Kuna kaboni 14, kila kilichokuwa na uhai kina kaboni hii na ikishakufa inapungua, nusu yake inaisha kwa miaka 5,730, kwahiyo ukipima iliyobaki unajua muda uliopita. Ila kwa watu wa pwani hapo kuna mtego. Aliyekula samaki na chaza maisha yake yote kaboni yake nyingi imetoka baharini, na ya baharini ni kongwe tayari, akipimwa anatoka mzee kuliko ukweli hata kwa miaka mia kadhaa, lazima kurekebisha, au upime kipande cha mkaa wa kijiti au mbegu iliyoungua iliyokutwa palepale. Kuna vyungu, mitindo inabadilika na tunaijua mfululizo wake. Kauri za China nazo zinasaidia sana kwa kuwa viwanda vyake vinajulikana, lakini bakuli linaweza kukaa kabatini kwa familia vizazi viwili ndipo lipachikwe, kwahiyo linakwambia tu kwamba kaburi haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Na mara chache sana unabahatika, kama kwenye magofu ya Gedi huko Kenya, kuna kaburi limechongwa mwaka kabisa, 802 Hijria, yaani 1399, na hilo moja limesaidia kupanga mengine mengi.

Utauliza kwa nini basi tuwasumbue wafu kama ndani hamna kitu. Ni swali la haki, na mimi naona kaburi la Kiislamu ambalo haliko hatarini liachwe. Lakini mifupa nayo ina habari. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kuanzia kama mwaka 1250 hadi 1800 kwenye makaburi ya miji ya pwani na mji mmoja wa bara, kutoka Manda na Faza na Mtwapa mpaka Kilwa, Songo Mnara na Lindi, Profesa Chapurukha Kusimba akiwa kati ya walioongoza. Wengi walikuwa wamechanganya, upande wa kina mama ni Waafrika kwa sehemu kubwa, upande wa kina baba wengi ni wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Yale mabishano ya vijiweni kwamba Waswahili ni nani yamepata kitu cha kushika. Na pale Mtwapa wazee waliombwa ruhusa kwanza, wakakubali kwa masharti kwamba mabaki yazikwe tena. Mimi siwezi kuunga mkono uchimbaji wa kaburi ambao haukuanza na wazee.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ikarekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, kuchimba bila kibali ni kosa, na anayekuta kitu anatakiwa atoe taarifa. Ukitoa taarifa hujajitia matatizoni, matatizo ni kwa anayeuza.

Kwahiyo kesho, kwanza mkae na bibi mumuulize taratibu kama alisikia kwa wakubwa wake pale palikuwa na nini, makaburi ya ukoo fulani, mji wa zamani, msikiti, chochote, na mrekodi kwenye simu akiongea. Pili nendeni kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisa utamaduni wa wilaya, mwambieni awasiliane na Idara ya Mambo ya Kale, na kama dira imeonesha mashariki na magharibi mwiteni na sheikh wa msikiti wenu awepo tangu mwanzo. Piga picha ukiwa umeweka rula au kijiti ulichokipima pembeni ili ukubwa ujulikane, washa lokesheni kwenye simu uiandike, ila usirushe kwenye magrupu, kuna watu wanakaa wanasubiri taarifa za namna hiyo. Halafu tandika turubai juu ya mawe, mwaga mchanga safi juu yake, weka matawi ya miiba watoto na mbuzi wasiingie. Msimwage maji, msiweke saruji.

Kama kuna vigae au shanga mmeshaokota, msivioshe, viwekeni kwenye mfuko wa karatasi na mwandike vilitoka kina gani. Na lile rundo la udongo mlilokwisha kulitoa shimoni msilitumie kusawazishia uwanja, liacheni hapohapo mlifunike na mvua isilibebe, tutakuja kulichekecha lote.